Gari la bosi kwa bei ya kawaida: Wanunuzi Kigoma watazame gharama za gereji

KIGOMA - Wafanyabiashara wa Kigoma na Ujiji wanaotaka kununua magari ya kifahari yaliyokwisha kutumika wanashauriwa kupiga hesabu ya matengenezo kabla ya kukubali bei ya muuzaji. Sababu ni moja. Bei ya gari la aina hiyo hushuka kila mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki nayo.

Magari hayo yameenea Mwanga, Gungu, katika barabara ya Lumumba na njiani kuelekea Ujiji. Yanayoonekana zaidi ni Toyota Mark X, Brevis na Crown. Yapo pia Mercedes-Benz za C-Class na E-Class pamoja na BMW za 3 Series. Gari ambalo lilipokuwa jipya lilikuwa la mkurugenzi wa kampuni huko Japani au Ujerumani, leo linaweza kununuliwa na mtu mwenye mtaji wa kati wa biashara ya dagaa.

Kwa mfanyabiashara wa dagaa, mawese au bidhaa za kuvuka ziwa kwenda Congo na Burundi, gari kama hilo si anasa peke yake. Humpa heshima mbele ya wateja na humfikisha Kibirizi alfajiri na Kasulu jioni. Tatizo ni kwamba mara nyingi hununuliwa kwa fedha za mtaji, na likiharibika hutengenezwa kwa fedha hizo hizo. Gari likilala gereji wiki tatu, mtaji nao umelala.

Kodi na umri wa gari

Hesabu huanzia bandarini Dar es Salaam. Gari lililotumika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake likiwa limefika bandarini. Unafuata ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa injini inayozidi hapo. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Mwisho ni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inayotozwa juu ya jumla ya vyote hivyo.

Chukua mfano wa sedani ya lita 2.5 yenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambayo thamani yake bandarini imekadiriwa kuwa Sh milioni 10. Ushuru wa forodha utakuwa Sh milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa utakuwa Sh milioni 1.25 na ule wa uchakavu Sh milioni 3.75. Kodi ya ongezeko la thamani itafikia Sh milioni 3.15. Jumla ni Sh milioni 10.65, yaani kodi imezidi thamani ya gari lenyewe, na hapo tozo nyingine ndogo hazijahesabiwa.

Gari la thamani hiyo hiyo lenye injini isiyozidi lita 2 na umri wa chini ya miaka 8 lingetozwa kwa viwango hivyo Sh milioni 5.49 hivi. Tofauti ni zaidi ya Sh milioni 5. Mnunuzi akumbuke pia kuwa Mamlaka ya Mapato hukadiria thamani ya magari yaliyotumika kwa mfumo wake yenyewe, na haitegemei risiti ya muuzaji wa Japani peke yake.

Ndiyo maana wengi huacha kuagiza na kununua lililokwisha kutumika hapa hapa nchini. Hapo bei hupungua sana, lakini mnunuzi anarithi pia kila tengenezo ambalo mwenye gari wa kwanza aliliahirisha. Wapo wanaodanganywa na namba. Gari la namba D au E si lazima liwe jipya. Herufi hiyo huonyesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania, haisemi lilitengenezwa mwaka gani. Mwaka wa kutengenezwa hutafutwa kwa namba ya chesisi.

Magari ya Japani: oili, D4 na giaboksi

Brevis ilitengenezwa kati ya mwaka 2001 na 2007, ikiwa na injini za JZ za lita 2.5 na lita 3. Mark X ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2004 na ikaendelea hadi 2019. Nyingi zilizopo nchini zina injini ya 4GR ya silinda 6 na lita 2.5, ambayo hupatikana pia katika Crown zilizotoka kuanzia mwisho wa mwaka 2003.

Injini hizi za Brevis na 4GR zinatumia mfumo ambao mafundi huuita D4. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mfumo huo ulikusudiwa kuongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta, lakini una mambo mawili ambayo mnunuzi lazima ayajue. La kwanza, pampu ya shinikizo na nozeli zake haziwezi kuvumilia petroli yenye maji au uchafu. La pili, kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachozisafisha. Masizi hujikusanya hapo mwaka hadi mwaka. Dalili zake ni injini kutetemeka ikiwa imesimama, kukosa nguvu mlimani na taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi.

Kusafisha masizi hayo kunahitaji kufungua njia ya hewa. Kazi yenyewe si ghali kama ya kufungua injini nzima, lakini fundi asiye na uzoefu huanza kwa kubadilisha plagi, kisha koili, kisha pampu, na kila hatua inalipwa na mwenye gari.

Injini ya 4GR inajulikana pia kwa kula oili. Ringi za pistoni hukwama kwa masizi na oili huungua pamoja na petroli. Mwenye gari anayesubiri siku ya sevisi ndipo apime oili anaweza kukuta kijiti kikavu. Kuongeza oili lita moja ni gharama ndogo. Kuendesha bila oili humaliza mnyororo wa taimingi na beringi za injini, na hapo hesabu inakuwa ya kununua injini nyingine ya mtumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata sevisi ya kawaida ina tofauti. Injini ya 4GR hujazwa oili lita 6 na ushei, wakati ile ya lita 1.5 iliyomo katika Corolla na Probox nyingi hutosheka na lita 3.7. Kwa bei ya mfano ya Sh 15,000 kwa lita, mmoja atalipa takriban Sh 94,500 na mwingine Sh 55,500 kila anapobadilisha oili. Plagi na koili ni 6 badala ya 4.

Giaboksi ndiyo tatizo la tatu. Mark X ya lita 2.5 yenye magurudumu ya nyuma yanayosukuma ina giaboksi ya otomatiki ya gia 6, inayotumia hidroliki maalumu ya Toyota yenye alama ya WS. Mara kwa mara hujazwa hidroliki yoyote iliyopo dukani kwa kuwa rangi zinafanana. Gari huendelea kutembea, lakini baada ya muda gia huanza kuchelewa kuingia au kugonga. Giaboksi ikishaungua, kubadilisha hidroliki hakuiponyi.

Magari ya Ujerumani: umeme mwingi, mashine chache

Mercedes-Benz na BMW za zamani huuzwa kwa bei inayovutia kuliko Toyota za umri huo huo. Soko limekwisha kuzitoza adhabu. Wauzaji na madalali wanajua kuwa wanunuzi wa mkono wa tatu wanaziogopa.

E-Class iliyotoka kati ya mwaka 2002 na 2009 ni mfano mzuri. Zile za mwanzo zilikuwa na breki za umeme zinazotumia pampu maalumu. Kiwanda kiliyaita magari 680,000 kurudi kukaguliwa mwaka 2004, kikaita mengine mengi mwaka 2005, na mfumo huo ukaondolewa kwenye E-Class mwaka 2006. Pampu hiyo huhesabu idadi ya mara breki zilivyotumika. Ikifika kikomo, hutoa onyo na kutaka kubadilishwa. Gari la mwaka 2003 linaloonekana safi kwa macho linaweza kuwa limebakiza breki chache tu kwenye hesabu hiyo.

Injini ya V6 ya Mercedes aina ya M272, kwa zile za miaka ya mwanzo, nyingi zilitoka na gia ya shafti ya mizani inayolika mapema. Gia hiyo ni ndogo, lakini kuifikia kunahitaji kutoa injini nzima. Kwa hiyo gharama kubwa ni ya kazi, si ya kipuri. Giaboksi za Mercedes za gia 5 nazo huvujisha hidroliki kwenye plagi ya nyaya zake, ikapanda taratibu kupitia waya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Plagi ni ya bei nafuu. Kompyuta siyo.

BMW za 3 Series zilizotoka kati ya mwaka 2005 na 2011, hasa za silinda 6, zinatumia pampu ya maji ya umeme ambayo hufa bila kutoa sauti. Injini huchemka katikati ya safari. Zile za silinda 4 za petroli hujulikana kwa sili za valvu zinazokauka na kutoa moshi wa bluu gari linapoondoka baada ya kusimama.

Mjini Kigoma mafundi wa kukunja, kuchomelea na kufungua injini hawakosekani. Meli ya Liemba iliunganishwa hapa wakati wa Wajerumani, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Miaka ya 1970 ikabadilishwa kutoka mvuke kwenda dizeli. Mkoa huu unajua kutengeneza. Lakini chuma cha Liemba kilichongwa karakana, wakati kompyuta ya breki haichongwi. Inahitaji mashine ya kupimia inayosoma aina hiyo ya gari, na mashine hizo si kila gereji inazo.

Barabara, mizigo na maji ya ziwa

Mazingira ya Kigoma yanaongeza gharama zake. Mji una miinuko, na barabara za ndani za vumbi na mawe zinazigonga sedani kutokea chini. Sampu ya oili hupasuka kwa jiwe moja. Mark X na Mercedes zina mikono kadhaa kila upande, mbele na nyuma, na kila mkono una bushi zake. Bushi moja ikilegea tairi hulika upande, na mwenye gari hununua tairi mbili mpya ambazo nazo zitalika vivyo hivyo iwapo bushi haikubadilishwa.

Mizigo ni jambo jingine. Sedani ya kifahari haikutengenezwa kubeba magunia ya dagaa, madumu ya mawese wala chumvi ya Uvinza. Shokapu za nyuma huisha mapema. Baya zaidi ni maji ya samaki wabichi na chumvi vinavyoingia chini ya zulia la buti. E-Class ya 2002 hadi 2009 na BMW ya 2005 hadi 2011 huwa na betri ndani ya buti, pamoja na nyaya muhimu. Kutu ikianza hapo, taa na vioo huanza kufanya kazi vinavyotaka vyenyewe, na fundi anaweza kutafuta chanzo kwa siku kadhaa.

Kuna pia desturi ya kuongeza maji ya ziwa kwenye rejeta. Maji ya Ziwa Tanganyika ni matamu kwa kunywa, lakini yana asili ya magadi na madini mengi, yakiwemo ya magnesi. Yakichemka hubakiza ukoko kwenye njia nyembamba za rejeta na hula alumini, ambayo ndiyo iliyotumika katika rejeta na injini nyingi za siku hizi. Dumu la kulanti ni nafuu kuliko gasketi ya kichwa cha injini.

Kipuri kinachosafiri kilomita 1,200

Vipuri vingi vya magari haya hununuliwa Kariakoo, Dar es Salaam. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa takriban kilomita 1,250 kutoka pwani, na mzigo unaokuja kwa basi nao hutembea umbali unaokaribia huo au kuuzidi. Kwa Corolla au Probox, kipuri kinaweza kupatikana Mwanga siku hiyo hiyo. Kwa Mercedes, siku ya kwanza hutumika kutafuta namba ya kipuri tu.

Hesabu ya mfano ni hii. Kipuri ni Sh 600,000, kukisafirisha Sh 30,000 na fundi Sh 100,000. Wengi huishia hapo na kusema tengenezo limegharimu Sh 730,000. Lakini gari limesimama siku 10, na mfanyabiashara amekodi usafiri kwa Sh 40,000 kwa siku. Hiyo ni Sh 400,000 nyingine, na jumla inakuwa Sh 1,130,000. Kipuri kikija kisicholingana, safari inaanza upya na gharama za kusubiri nazo zinarudi.

Mafuta nayo yahesabiwe. Bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi huonyesha Kigoma kuwa miongoni mwa maeneo yenye bei za juu, kwa sababu ya umbali kutoka bandarini. Kwa mfano wa Sh 3,000 kwa lita na mwendo wa kilomita 20,000 kwa mwaka, gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litatumia Sh milioni 7.5. Linalokwenda kilomita 14 litatumia chini ya Sh milioni 4.3. Tofauti ni kama Sh milioni 3.2 kwa mwaka, kabla ya gereji.

Mwezi mpevu na ziwa kufungwa

Gharama hizo zinakutana na mapato ambayo si ya kila siku. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa usiku, hivyo siku za mwezi mpevu kazi hupungua. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Katika vipindi kama hivyo mapato ya Kibirizi na Katonga hupungua sana, lakini bima, matairi na oili ya gari haviwezi kufungwa.

Mfanyabiashara anayeweka fedha yote kwenye kununua gari hubaki bila akiba ya kulitengeneza wala mtaji wa kununulia mzigo ziwa linapofunguliwa. Hapo ndipo magari mazuri yanapouzwa kwa bei ya kutupa. Kwa mnunuzi mwenye fedha mkononi huo ni wakati mzuri wa kupatana bei, mradi akague.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa kuliona gari injini ikiwa baridi, ikiwezekana asubuhi, kwa kuwa moshi na sauti ya mnyororo hujitokeza zaidi injini inapowashwa mara ya kwanza. Muuzaji aliyekwisha kulipasha gari moto kabla ya mteja kufika aombwe kulizima, na mteja arudi kesho yake.

Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha, taa za onyo za injini, breki na mifuko ya hewa ziwake zote, kisha zizime injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa inaweza kuwa imekatwa ili kuficha kasoro. Kompyuta ipimwe baada ya gari kutembea kilomita kadhaa, kwa sababu kumbukumbu za makosa hufutwa kwa dakika moja na huchukua muda kurudi.

Kijiti cha oili kiangaliwe kwanza, na kiangaliwe tena baada ya majaribio. Zulia la buti liinuliwe. Gari lijaribiwe mlimani, na gia ya nyuma iingizwe huku mguu ukiwa kwenye breki. Ikichelewa au ikigonga, bei ijadiliwe kama ya gari lisilo na giaboksi.

Jambo la mwisho ni akiba. Kwa sedani ya silinda 6 iliyozidi miaka 10, ni busara mnunuzi asitumie zaidi ya robo tatu ya fedha aliyotenga. Robo inayobaki iwe ya mwaka wa kwanza: oili zote, hidroliki sahihi, bushi, matairi, betri na dharura moja. Mwenye Sh milioni 16, kwa mfano, atafute gari la Sh milioni 12. Akikosa linalofaa kwa bei hiyo, Corolla nzima itamfikisha Kasulu na kumrudisha Ujiji siku hiyo hiyo, na mtaji wake utabaki kwenye mzigo.